Kisukari aina ya pili na upasuaji wa kupunguza uzito: mliokubali na mliokataa, mlipimaje?

Kipimo cha Asubuhi (mwenye uzi)

Salaam wadau. Nina miaka 46, kisukari aina ya pili huu ni mwaka wa saba. Natumia vidonge vya metformini na gliklazidi, insulini bado sijaanza. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ya mwisho ilikuwa 8.4. BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 36. Presha ipo, namezea kidonge kimoja.

Daktari wangu si mtu wa maneno mengi. Safari hii kaniambia nifikirie upasuaji, tena akasisitiza kwamba haongelei umbo, anaongelea sukari. Nimetoka na karatasi yenye majina mawili, slivu na baipasi, na tarehe ya kurudi.

Nyumbani hapakaliki. Mke wangu anasema kiungo kizima hakikatwi. Kaka yangu anasema ni uvivu, nifunge mdomo. Mdomo nimeufunga mara nyingi tu. Uzito unaondoka, halafu unarudi na wenzake.

Naomba mnisaidie kwa haya: sukari inatulia kweli au ni ya miezi michache? Nani inamfaa na nani anapoteza muda? Na kati ya hizo mbili mtu anachaguaje? Wenye maneno ya kutia moyo nashukuru mapema, ila leo nina njaa ya maelezo.

---

Bwana Hapana

Mkuu, punguza sahani, tembea saa moja kila siku. Kukatwa tumbo ili ushindwe kula ni kujifunga pingu mwenyewe. Kama kazi ni kula kidogo, kula kidogo bure.

---

Mfamasia wa Zamu

Bwana Hapana, ingekuwa kazi yake ni kufanya mtu ale kidogo tu, nisingebishana nawe. Lakini sukari ya watu hawa hushuka ndani ya siku chache baada ya baipasi, kabla uzito haujapungua cha maana. Wapasuaji waliliona hilo zamani. Walter Pories na wenzake wa North Carolina waliandika mwaka 1995 kuhusu wagonjwa ambao sukari yao ilirudi kawaida upesi kiasi cha kuwashangaza wao wenyewe.

Sehemu ya maelezo ni rahisi: siku hizo mtu hali karibu chochote, ini linapumzika kumwaga sukari. Sehemu nyingine ni utumbo. Kwenye baipasi kinatengenezwa kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, ujazo wake kama mililita 30, kisha kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo, kinafika chini mapema, na huko chini utumbo unamwaga homoni ya GLP-1 kwa wingi. Homoni hiyo inaliambia kongosho litoe insulini na inauambia ubongo umeshiba. Kwenye slivu hawahamishi utumbo. Wanatoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo iliyokuwa inatengeneza sehemu kubwa ya grelini, homoni ya njaa. Kwa hiyo mtu halazimishwi tu kula kidogo. Njaa yenyewe inapungua sauti.

Mwenye uzi, kwa vigezo upo ndani. Zamani, kwa mwongozo wa Marekani wa 1991, ilikuwa BMI 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka 2016 jumuiya nyingi za kisukari duniani zilikubaliana kwamba mwenye kisukari aina ya pili anaweza kufikiriwa kuanzia BMI 30 kama sukari inagoma kwa dawa, na kwa watu wenye asili ya Asia mipaka hiyo inashushwa kwa 2.5. Mwongozo wa 2022 wa vyama vya wapasuaji ukaenda mbele zaidi: kuanzia 35 unapendekezwa hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari.

Ila kustahili na kufaidika ni vitu viwili. Kinachoamua zaidi sukari itatulia kiasi gani ni hali ya kongosho lako kuliko mizani: kisukari kina miaka mingapi, unatumia insulini au hutumii, dawa ni ngapi, HbA1c iko wapi, umri wako. Mwenye miaka miwili ya metformini peke yake ana nafasi kubwa mno. Mwenye miaka kumi na tano na insulini, nafasi ya kuacha dawa zote ni ndogo. Wewe upo katikati, ndiyo maana nisingekaa miaka mingine mitano nikiwaza.

---

Sindano Tatu

Mimi ndiye huyo wa miaka mingi na insulini. Nilifanya baipasi. Waliniandaa vizuri kwa kisu, lakini hakuna aliyekaa na mimi kunieleza kwamba kongosho langu lilikuwa limechoka na pengine nisingeacha sindano. Niliingia nikijua natoka bila kisukari.

Nilichopata: uzito ulishuka sana, presha ikalegea, insulini ikatoka sindano tatu kwa siku hadi moja ndogo ya usiku, HbA1c ikashuka hadi kwenye 7 ambako sikuwahi kufika. Nikiulizwa leo ningefanya tena, ndiyo, bila kusita. Lakini mwaka wa kwanza niliuishi kwa huzuni, kila nikichoma ile moja najiona nimefeli. Mtu akikuambia mapema kwamba lengo lako ni kushusha, usifikirie kufuta, unaishi na matokeo yaleyale kwa moyo mwingine kabisa.

Omba upimwe C-peptidi. Inaonyesha mwili wako bado unatengeneza insulini kiasi gani. Na kama ulikuwa mwembamba ulipoanza kuumwa, au sukari ilipanda kwa kasi isiyoeleweka, omba pia kipimo cha antibodi. Kuna watu wazima wanaoitwa wa aina ya pili kumbe kinga ya mwili ndiyo inayokula kongosho lao. Hao upasuaji utawapunguza uzito, lakini insulini wataihitaji tu.

---

Kipimo cha Asubuhi

Hii ya C-peptidi sikuwahi kuisikia. Ahsante sana, na pole kwa huo mwaka.

Mfamasia, "nafasi kubwa" ni kubwa kiasi gani? Na inadumu?

---

Msomaji Kimya

Nijibu mimi, haya mambo nayasoma kwa sababu na mimi nipo kwenye foleni.

Utafiti unaotajwa sana ni STAMPEDE wa Cleveland Clinic, hospitali ya Marekani. Watu 150 wenye kisukari aina ya pili waligawanywa kwa bahati nasibu: dawa peke yake, dawa na slivu, dawa na baipasi. Baada ya miaka mitano, waliofikisha HbA1c ya 6.0 au chini walikuwa asilimia 29 kwa baipasi, 23 kwa slivu, na 5 kwa dawa peke yake. Angalia vizuri hizo namba. Upasuaji umeshinda kwa mbali, lakini hata kwa baipasi wengi hawakufika pale. Lengo lao lilikuwa kali, lazima niseme. Siku hizi wataalamu wanahesabu kwamba kisukari kimetulia ukiwa na HbA1c chini ya 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari.

Kuhusu kudumu, Waswidi wamewafuata wagonjwa wao kwa muda mrefu. Miaka miwili baada ya upasuaji, asilimia 72 walikuwa wametulia. Miaka kumi na tano baadaye wamebaki asilimia 30. Wasiofanyiwa walikuwa asilimia 16 mwanzoni, wakaishia 6 na kidogo. Upasuaji mwingi wa wakati ule ni wa mitindo ambayo leo imeachwa, kwa hiyo msiuchukue kama picha kamili ya slivu au baipasi. Majaribio manne ya Marekani yaliyounganishwa na kuchapishwa 2024 nayo yanaonyesha mteremko uleule: mwaka wa saba waliotulia ni asilimia 18 ya waliopasuliwa dhidi ya 6 ya wasiopasuliwa, mwaka wa kumi na mbili karibu 13 dhidi ya sifuri.

Kwa hiyo ndiyo, kwa wengi sukari inarudi. Mtu akisoma hapo anafunga ukurasa, na ndipo anapopitwa na sehemu yenye uzito. Katika kundi hilohilo la Sweden, madhara ya mishipa midogo, yaani macho, figo na neva, yalikuwa karibu nusu ya yale ya wasiopasuliwa. Miaka kadhaa ya sukari nzuri ni miaka ambayo figo zako hazikuungua. Mimi ndicho ninachokwenda kukinunua, na sukari ikirudi nitaipokea nikiwa na figo.

---

Bwana Hapana

Na wanaokufia mezani mbona hamuwataji?

---

Msomaji Kimya

Swali la haki. Kwenye takwimu za Marekani za wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa baipasi kwa matundu madogo, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa kama 3 katika kila 1,000, karibu sawa na upasuaji wa kubadilishwa goti. Si sifuri. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda mguuni na kupanda mapafuni, na hatari inaongezeka ukiwa unavuta sigara. Uliza pia mpasuaji wako amefanya upasuaji kama huo mara ngapi na wagonjwa wake wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji. Akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

---

Mama Pacha

Slivu hapa. Niliichagua kwa sababu nilisikia ni nyepesi: utumbo hauguswi, upasuaji ni mfupi. Kweli ni hivyo. Lakini mimi nilikuwa na kiungulia kabla, na slivu imekifanya kiwe cha kila usiku. Nalalia mto wa juu na kidonge cha asidi hakiniachi. Kaka, kama una kiungulia kikali, au uliwahi kuambiwa umio lako limeungua, liseme mwanzo kabisa. Wengi wa hali hiyo wanashauriwa baipasi, na wapo wanaoanza na slivu wakaishia kurudi kugeuzwa kuwa baipasi kwa sababu hiyo tu.

Kwa sukari siwezi kulalamika, nimebaki na metformini peke yake.

Na dada zangu mnaosoma bila kuandika: uzazi unaamka. Mwenye homoni zilizokuwa zimevurugika kwa sababu ya uzito anaweza kushika mimba kabla hajajua hedhi imerudi mahali pake. Tunaambiwa tusubiri miezi 12 hadi 18, na kwa baipasi vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi kwa sababu ya jinsi vinavyofyonzwa. Tafuteni njia nyingine KABLA ya upasuaji. Pacha wangu ni wa zamani, msianze kuhesabu 😄

---

Mfamasia wa Zamu

Mama Pacha kagusa dawa, nami ndipo ninapopapenda, kwa hiyo mnivumilie.

Mwenye uzi, gliklazidi yako inalisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Wiki kama mbili kabla ya upasuaji wengi wanawekwa kwenye mlo wa kalori kidogo sana ili ini lipungue na mpasuaji apate nafasi. Ukila hivyo huku unameza gliklazidi dozi ileile, sukari itakuangusha. Lazima ipunguzwe au isimame, na wenye insulini vivyo hivyo. Usisubiri mtu akukumbuke; wapasuaji wanadhani daktari wa kisukari amesema, na daktari wa kisukari anadhani wapasuaji wamesema.

Wanaotumia dawa za kundi la empagliflozini na dapagliflozini, zile zinazotoa sukari kwa mkojo: zinasimamishwa siku tatu au nne kabla. Ukiwa huli huku unazimeza, damu inaweza kujaa asidi hata kama mashine ya kidole inasoma sukari ya kawaida, na hilo ndilo linalofanya hatari yake ichelewe kuonekana. Wanaochoma sindano za kila wiki za sukari na uzito kama semaglutidi wamwambie daktari wa usingizi, kwa sababu chakula kinakawia tumboni.

Baada ya upasuaji, metformini mara nyingi inaendelea, lakini ile inayoyeyuka polepole inabadilishwa kuwa ya kawaida au ya maji, maana baipasi haiipi muda wa kuyeyuka. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziagane na aliyefanya baipasi. Zinachimba vidonda kwenye kiungio. Na presha ikishuka pamoja na uzito, kidonge kilekile cha presha kinaweza kukufanya uone kizunguzungu ukisimama.

Virutubisho ni vya maisha: vitamini B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, na multivitamini. Kwa watu wetu wa kisukari B12 ina uzito wa pekee, maana metformini nayo inaipunguza. Ganzi ya miguu ikizidi, usikimbilie kusema ni kisukari. Pima B12 kwanza. Na mtu akitapika mfululizo wiki za mwanzo, aende hospitali siku hiyohiyo. Mwili ukiishiwa vitamini B1 unaharibu ubongo, na huo haurudi wote.

---

Wiki kwa Wiki

Mbona hakuna aliyetaja sindano za kila wiki kama njia mbadala ya kisu? Nilipewa karatasi kama ya mwenye uzi nikachagua tirzepatidi. Katika majaribio, watu wenye kisukari walipoteza karibu asilimia 15 ya uzito kwa dozi kubwa ndani ya wiki 72. Sukari yangu sasa ni nzuri kuliko ilivyowahi kuwa.

Kasoro naijua: ukiacha, vyote vinarudi. Kwa hiyo nami nimefunga ndoa, ila ndoa yangu ina talaka na yenu haina.

---

Msomaji Kimya

Wiki kwa Wiki umesema vizuri. Niongeze kwa ajili ya Bwana Hapana, asije akasema tunamtenga: njia ya mdomo nayo ina ushahidi. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliwapa watu kalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa wametulia bila dawa, baada ya miwili 36. Ila walichukuliwa wenye kisukari cha chini ya miaka sita wasiotumia insulini. Mwaka wa saba wa mwenye uzi ungemwacha nje ya mlango. Ni kongosho lilelile linaloulizwa umri wake.

---

Bwana Hapana

Angalau leo nimetajwa kwa wema. Nabaki na langu, lakini ile ya figo imeniingia.

---

Sindano Tatu

Mambo ambayo hayapo kwenye karatasi yako, haraka haraka kabla sijalala:

Kwa baipasi, ukila kitu kitamu moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linakata. Hilo utalijua mapema na litakufundisha adabu. La pili linachelewa, mara nyingi zaidi ya mwaka baada ya upasuaji: saa moja hadi tatu baada ya kula wanga mwingi, sukari inaporomoka. Mimi niliyezoea kuogopa sukari ya juu nilikuwa natetemeka kwa ya chini, na sikuwa na habari kwamba upasuaji ndio chanzo. Anza kila mlo na protini, wanga kidogo, na ikijirudia mwambie daktari, ina tiba.

Pombe inapanda kichwani upesi mno. Wapo walioacha kula kwa hasira wakaanza kunywa kwa hasira. Anayejijua aseme mapema.

Mawe ya nyongo yanakuja uzito ukishuka kwa kasi. Uliza kama utapewa dawa ya kuyazuia miezi sita ya mwanzo.

Na macho! Wakupime retina kabla. Sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishuka ghafla inaweza kuchafua retina iliyokuwa tayari na tatizo. Langu la kushoto lilitibiwa kwanza, upasuaji ukasogezwa mbele. Niliudhika siku ile.

---

Kipimo cha Asubuhi

Nimeusoma uzi huu mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu. Kwa kaka sijaenda, huyo tumwache.

Nilipofika: sindano nimezifikiria, lakini kwangu upatikanaji wake si wa uhakika, na dawa ambayo leo ipo kesho haipo itanirudisha nilikotoka. Kiungulia ninacho, si cha kila siku ila kipo, na sikuwahi kukitaja kwa daktari kwa sababu niliona hakihusiani. Kwa hiyo naelemea baipasi. Nimepiga simu kuomba C-peptidi na macho kabla ya ile tarehe.

Mke wangu ana swali lake, naliandika kama alivyolisema: "Hiyo miezi ya mwanzo, nani anapika nini, na yeye atakula mezani na sisi au peke yake?"

---

Mama Pacha

Mwambie shemeji yangu hilo ndilo swali bora la uzi mzima. Wiki za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, halafu vilivyosagwa, halafu laini, halafu cha kawaida kidogo kidogo. Ratiba yake mtapewa na mtaalamu wa lishe. Mezani akae nanyi tangu siku ya kwanza, kikombe chake mkononi. Ila asilazimishwe kumaliza, na msimtazame anapotafuna. Atakuwa mpole kwenye chakula na mkali kwenye kila kitu kingine, mumvumilie. Na shemeji aende naye siku ya tarehe. Aandike yeye majibu, kwa sababu wewe kaka utakuwa unasikia neno "kisu" tu.

---

Kipimo cha Asubuhi

Keshasema anakuja. Ana daftari tayari, na swali la kwanza ndani yake ni lile la mpasuaji amefanya mara ngapi.